Ovaroli Niliyovalishwa Kituo cha Data

Jumapili, mwezi wa Pili, saa nane mchana. Joto la Same leo ni la kumfanya mbwa ahame kivuli kila baada ya dakika kumi. Upepo unatoka tambarare umebeba vumbi, milima imejifunika wingu lake huko juu, na mimi nimekaa sebuleni mlango wazi, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji.

Sikwenda kanisani.

Nimewahi kukosa ibada kwa homa, kwa msiba, na mara moja kwa uvivu. Leo nimekosa kwa sababu ya furaha. Nilijua tukifika kwenye toba nitainamisha kichwa na sitakuwa na la kutubu. Jana nilimwangusha mtu mbele ya watu wa vijiji vitatu, mchana kweupe, na usiku nikalala kama mtoto aliyeoga.

Ngoja niandike tangu mwanzo, kabla watu hawajaanza kunisimulia kisa changu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Nilizaliwa Gonja, nikasomea ufundi, nikafanya kazi miaka kumi Moshi kwenye vyumba vya baridi vya mahoteli. Siku niliposikia kampuni inajenga kituo cha data hapa kwetu, kwenye ile tambarare inayopitiwa na nyaya kubwa za umeme, niliacha kazi nikarudi nyumbani. Watu waliniona nimechanganyikiwa. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu yangu. Kituo cha data ni majengo marefu yasiyo na madirisha, ndani yake kompyuta zimepangwa kwenye makabati kama vitabu, zinatunza vitu vya watu: picha, barua, miamala, rekodi za wagonjwa. Kompyuta hizo zinatoa joto kali. Zisipopozwa kwa saa moja tu, zinazima. Sasa niambie, kwenye joto la Same, nani anahitajika kuliko mtu wa kupoza?

Mtu aliyekuwa anaunganisha kampuni na wananchi ni Elibariki. Tulipata kipaimara siku moja, yeye na mimi. Mama yake alitufundisha shule ya Jumapili. Alipopewa cheo cha afisa uhusiano nilishangilia kuliko ndugu zake, kwa kuwa nilijua sasa tuna mtu wetu ndani.

Akaniita. Akasema, "Dada Namkunda, kampuni imeahidi kuajiri wenyeji. Nitafutie mafundi wa kweli, si wababaishaji. Andika majina, ujuzi na namba za simu."

Nikazunguka wiki sita. Nilishuka kijiji cha Kisiwani kutafuta wachomeleaji na mafundi bomba. Nilipanda Gonja na vijiji vya juu ambako pikipiki inakuacha njiani unamalizia kwa miguu. Nilikaa kwenye vibao vya kukalia vya watu, nikala makande yao, nikawauliza maswali ya kitaalamu ili nisije nikaaibika. Jina la kwanza nililoandika kwenye daftari lile lilikuwa la mjomba wangu Mbonea, kaka yake mama. Alikuwa fundi umeme wa mashamba ya mkonge maisha yake yote. Ndiye aliyenifundisha kushika tesita kabla sijajua kuendesha baiskeli.

Siku nilipopeleka daftari, nilimsubiri Elibariki nje ya ofisi yake ya muda, ile ya kontena. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anaongea na simu.

"Hawa wa hapa tuwape majani na geti," alisema. "Mashine watatuharibia. Mafundi waleteni kutoka huko huko, kwa yule shemeji yangu."

Halafu akatoka, akapokea daftari kwa mikono miwili, akanishukuru.

Sikusema neno. Hilo nalo nalikiri hapa. Nilikuwa nimeacha kazi Moshi, nikaogopa kubaki bila chochote. Alipokuja kunipa kazi nikaipokea: kufyeka majani kuzunguka uzio na mitambo ya kupoza. Fundi wa miaka kumi, nimeshika fyekeo, nafyeka hatua tano kutoka kwenye mashine ambazo naweza kuzifungua nikiwa nimefumba macho. Vijana walioletwa kutoka mbali walikuwa wananipita wakiniamkia vizuri tu. Si kosa lao. Sikuwahi kuwachukia.

Mjomba Mbonea alisubiri simu. Kule kwake mtandao unashika dirishani tu, kwa hiyo simu ililala dirishani. Alipokuwa akienda shambani alimwambia mkewe, "Wakipiga, pokea, waambie niko njiani." Alisubiri hivyo mvua mbili. Mwezi wa Nane akaugua kifua, na hakupona. Tulimzika kule juu, kwenye ukungu, na ile simu bado ilikuwa dirishani.

Niseme kitu ambacho wenye hasira wenzangu hawapendi kukisikia: sina ugomvi na kituo. Kimeleta kazi, hata kama ndani wanaingia wachache. Waliochimba mitaro ya nyaya walikuwa wetu. Gesti za mjini zimejaa. Wakulima wa tangawizi wanaliuzia jiko la kituo, mafundi magari hawakosi gari la kutengeneza, na umeme uliokuwa ukikatika kila upepo ukivuma sasa umetulia hata kwenye vibanda vya kunyolea. Zubeda, mama lishe kutoka Kisiwani aliyekuwa akipika chini ya turubai kando ya barabara kuu, sasa anaendesha kantini ya wafanyakazi na ameajiri wanawake wanne. Hayo nimeyaona kwa macho yangu. Na ndiyo maana niliungua moyo. Kama kituo kisingekuwa na faida yoyote, ningefyeka majani yangu nikaenda zangu. Kilichoniuma ni kwamba mlango ulikuwepo kweli, ukafunguka kweli, halafu mtu wetu akasimama pale mlangoni akatufungia kwa mgongo wake.

Sasa, Alhamisi iliyopita Elibariki alinifuata uwanjani. Mkononi ana ovaroli mpya ya bluu, na kofia ngumu nyeupe.

"Dada Nam, Jumamosi anakuja mkurugenzi kutoka makao makuu. Kuna mkutano na wananchi juu ya upanuzi, awamu ya pili. Nataka uvae hii. Wewe una sura ya kazi, utasimama mbele kama fundi mzawa. Piga picha, sema maneno kidogo, basi."

Akanipa karatasi. Sentensi tatu za shukrani, amezichapa yeye.

Nikamuuliza, "Na Jumatatu?"

Akacheka. "Jumatatu unairudisha. Ni ya stoo."

Nikaipokea kwa mikono miwili, kama yeye alivyopokea daftari.

Ijumaa nilikwenda kantini kunywa chai. Juu ya meza kulikuwa na vijarida vya mkutano, vinang'aa, vinanukia wino. Zubeda alikuwa anafuta meza, akanisukumia kimoja. "Hebu soma ukurasa wa sita," akasema. "Nadhani kuna mtu wenu." Na yeye alikuwa amepewa ovaroli, maskini, mpishi mzima ageuzwe fundi wa nyaya.

Ukurasa wa sita ulikuwa na orodha ya wenyeji walioajiriwa. Ilikuwa orodha yangu. Majina yote ya daftari langu, kwa mpangilio ule ule niliouandika nikiwa nimekaa kwenye vibao vya watu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupigiwa simu. Na wa kwanza kabisa juu: Mbonea, fundi umeme.

Mjomba wangu ameajiriwa. Yuko kaburini miezi sita, na ana ajira.

Sikulia. Nilikunja kile kijarida nikakitia kifuani, nikamaliza chai yangu. Nilihisi kitu kimetulia ndani, baridi, kama chumba cha majokofu nilichokifunga mimi mwenyewe vizuri. Zubeda akanitazama. "Utafanya nini?" Nikamwambia, "Kesho nikikuomba usimame, utasimama?" Alikamua kitambaa kwanza. Akasema, "Nitasimama."

Watu hututania sisi Wapare kwamba mtu yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Usiku ule sikuona cha kuchekesha hapo. Huyo mtu ningemuazima hata na ng'ombe wangu.

Jana. Maturubai mawili makubwa uwanjani, viti vya plastiki, wenyeviti wa vijiji mbele, wazee, akina mama, wafugaji wamesimama pembeni na fimbo zao. Mkurugenzi ni mama mmoja mfupi mwenye sauti ndogo, hakuvaa miwani ya jua ingawa jua lilimpiga usoni. Elibariki alikuwa amependeza. Alizungumza vizuri, lazima niseme. Akataja vijiji, akataja wazee kwa heshima zao, akawachekesha. Kisha akasema, "Sasa mtamsikia fundi wetu mzawa, binti wa Gonja."

Nikapokea kipaza sauti. Ile karatasi ya sentensi tatu nilikuwa nayo, nikaikunja mbele yake taratibu, nikaitia mfukoni.

"Shikamooni wazazi," nikasema. Wakaitikia. "Naitwa Namkunda. Ovaroli hii nimepewa juzi, ni ya stoo, na Jumatatu nairudisha. Kazi yangu hapa ni kufyeka majani."

Palikuwa na kicheko kidogo, watu wakidhani ni utani. Halafu kikafa.

"Mliovalishwa kama mimi, naomba msimame."

Kama asingesimama mtu, ningekuwa kichaa mwenye kipaza sauti. Zubeda akasimama. Akavua kofia ngumu, akaiweka juu ya kiti chake, akarekebisha mtandio. Akasimama mlinzi wa getini. Akasimama mama wa usafi na mwenzake.

Elibariki akaja haraka, ananyoosha mkono, anatabasamu kwa watu. "Dada Nam amechoka, jua ni kali—"

"Mwache amalize," akasema mkurugenzi. Kwa sauti ile ile ndogo.

Nikamaliza. Nilifungua ukurasa wa sita nikasoma majina, moja moja, na waliokuwepo nikawauliza kama wamewahi kuitwa. "Hapana." "Hapana." "Sijawahi." Nililiacha la kwanza liwe la mwisho. Nikasema, "Mbonea ni mjomba wangu. Nimemzika mwezi wa Nane. Alisubiri simu yenu mpaka akafa, na humu mmeandika yuko kazini."

Mzee mmoja kutoka kule kwetu alivua kofia yake.

Nilimtazama Elibariki usoni muda wote huo. Nakiri, sikutazama kwa huzuni. Nilitaka kuona. Niliona shingo inaloa, niliona anavyotafuta jicho la mtu yeyote, niliona anavyolikosa. Nilikula ile aibu yake kama chakula.

Mkurugenzi akaniuliza, mbele ya wote, kazi ninayoijua ni ipi. Nikamwambia. Halafu, kwa kuwa kiburi kilikuwa kimeshapanda, nikaongeza kwamba mtambo wa tatu upande wa mashariki una kompresa inayokufa, nimeusikia wiki nzima nikifyeka. Wakaenda kuufungua palepale, watu wakasubiri. Injinia mkuu akarudi na grisi mikononi.

"Si kompresa," akasema.

Nilitamani ardhi inifunike.

"Ni beringi ya feni. Imekwisha kabisa. Isingefika mwisho wa wiki."

Kwa hiyo nilikosea nusu, na naandika hapa kwamba nilikosea, ili asije mtu akaniambia nimejipamba.

Kabla mkutano haujafungwa mkurugenzi alitangaza: Elibariki asimamishwe kazi mpaka uchunguzi uishe. Upanuzi usubiri. Usaili utafanywa upya, hadharani. Na kila mkataba uliopita kwenye ofisi yake usitishwe mpaka ukaguliwe.

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Lile la mwisho sikulisikia vizuri wakati ule. Nilikuwa nashangilia.

Leo asubuhi, kabla ya ibada ya kwanza, mama yake Elibariki alikuja. Amevaa sare ya kwaya. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakaa kwenye kiti hiki hiki. Hakutaka chai. Alianza kwa Kipare, kisha akahamia Kiswahili, kama anavyofanya akitaka jambo liwe rasmi.

"Sikuja kukuomba useme uongo," alisema. "Nimekuja kukuuliza. Ulishindwa kuja kwangu kwanza?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, si kwa swali hilo. Nikamjibu kweli.

"Mama, ningekuja kwako ungemwita. Angekuja, angeniangukia miguuni, tungekunywa chai sote, tungesali. Na Mjomba Mbonea angebaki kwenye ukurasa wa sita."

Aliangalia mikono yake.

"Umefurahi?"

"Ndiyo, mama. Nimefurahi."

"Angalau hapo hujanidanganya," akasema. Akainuka, akaenda zake kanisani kuimba. Nilimtazama anavyoshuka njia ile ya mawe, polepole, ameshika kitabu cha nyimbo. Nilimhurumia yeye. Mwanawe sikumhurumia hata kidogo. Nimejikagua, nimetafuta, huruma haipo.

Elibariki mwenyewe ametuma ujumbe saa tatu. "Nam, tafadhali tuongee." Nimeufungua ili aone tiki mbili za bluu, ajue nimesoma. Sijamjibu. Mchana nimeufungua tena, bila sababu, kwa raha tu. Hivyo ndivyo nilivyo leo, shajara, na sitaki kukuficha.

Lakini saa sita Zubeda amepiga.

Hakupiga kunilaumu, na hiyo ndiyo iliyonikata maini. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, nyuma yake nasikia sufuria. Amesema wamemwambia kantini isifunguliwe kesho. Mkataba wake ulipita ofisi ya Elibariki kama mingine yote. Wale wanawake wanne wamemuuliza waje au wasije, hajui awajibu nini.

"Uliniomba nisimame, nimesimama," akasema. "Na ukiniomba tena nitasimama. Nilitaka tu ujue nimesimama wapi."

Nikamuuliza mkataba aliupataje. Akaniambia kwamba palikuwa na wapishi sita, wote walipika siku moja, wakaonja watu wa makao makuu na injinia. Elibariki aliandaa yote hayo mwenyewe, na alitaka ashinde mpishi mwingine, mtu wa kwao. Zubeda aliposhinda, akaandika jina la Zubeda. Hakubadilisha.

Mara moja tu, basi, yule mtu alifanya kazi yake kwa haki. Na kati ya kazi zake zote, imekuwa hiyo hiyo ya Zubeda.

Nimekaa na jambo hilo tangu saa sita, maji ya beseni nimeshayabadilisha mara mbili. Kesho saa mbili naitwa kutoa maelezo kwa wachunguzi. Nilikuwa nimeshayapanga kichwani, yote meusi, hakuna upenyo. Nikisema kweli ya kantini, nitakuwa nimempa Elibariki kitu cha kushikia. Mawakili wake, mama yake, yeye mwenyewe, watasema: ona, hata Namkunda anakiri alikuwa mwadilifu. Nikinyamaza, hakuna atakayejua, na atazama mzima. Pamoja na Zubeda na wanawake wanne wasiojua waje au wasije.

Nilijaribu kujishawishi kwamba kukaa kimya si uongo. Nilijaribu kwa bidii, karibu saa nzima. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi nilikaa kimya siku ile ya kontena, na kimya kile ndicho kilichomsubirisha mjomba dirishani.

Sijamsamehe. Niandike wazi, ili nisijisome siku moja nikadhani nilikuwa mtu mwema. Nataka aipoteze kazi ile, nataka kila jina la daftari lile lipigiwe simu, na nataka awepo siku wanapoanza kuitwa, asikie.

Lakini kesho nitaanza na Zubeda. Nitasema sentensi moja nzuri juu ya Elibariki, kwa mdomo huu huu, na nitaweka saini chini yake. Itaniuma kuliko kufyeka.

Sentensi moja. Baada ya hapo nitavuta pumzi, ninywe maji, niwaambie wachunguzi wageuze karatasi. Yanayofuata ni marefu.